Mwenye Mashaka Ndiye Aliyenipa Maji

Sifa ni kwa Mungu aliyeniachia pumzi ya kuandika haya. Kila asubuhi ninamshukuru, na kila asubuhi hasira yangu inaamka pamoja nami. Simfichi, anaijua.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha. Nilifanya kazi kwenye tanuru la shaba hapa Élisabethville, nikiwa na nguvu zangu, mzee wa kanisa letu dogo la kambini. Mke wangu Marta alikuwa na kaka, Kaseba, seremala. Baada ya kuzika watoto wawili, Kaseba alisema katika somo la Biblia kwamba hajui tena kama Mungu anasikia. Tulimkataza kuingia kanisani. Nami niliinua mkono kukubali.

Mwezi uleule tumbo lilinishika. Nilihara maji, kisha kamasi, kisha damu. Sikuweza kufika chooni. Marta alinibadilishia matambara. Wazee wenzangu wakazunguka mkeka wangu. Desturi yetu ilikuwa kufunga kwa ajili ya mgonjwa, bila kula wala kunywa, mpaka Mungu ajibu. Safari hii walinifungisha hata mimi mgonjwa. Siku mbili sikupata tone. Ulimi ulinata, macho yalizama, mkojo ulikatika.

Mchana Kaseba akaingia na kikombe.

"Toka!" kiongozi wetu akafoka. "Mashaka yako iko inafunga mulango ya mbingu."

"Baba, mambo ya mbingu miye sijue. Huyu muntu anakufa na kiu."

"Ukimutosha hapa kumupeleka inje, hauko tena mwenzetu!"

"Mulishanifukuza. Mutanifukuza mara ngapi?"

Alininywesha kidogo kidogo, akanifunga kwenye baiskeli yake kwa kitenge cha Marta, akanisukuma hadi lupitalo, hospitalini. Muuguzi alinifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Nani alimunyima mayi?" akauliza.

Marta akalia. Niliwekewa maji mshipani, nikapewa vidonge. Baada ya wiki tatu nilitembea.

Wazee walitaka nishuhudie kwamba mfungo ndio ulioniponya. "Jina la Kaseba uliache," wakaniambia, "litayumbisha walio wachanga wa imani." Jumapili nilisimama nikalitaja. Kiongozi akaniamuru niketi. Sikuketi. Nilisema wazi kwamba mkono wangu nao ulimfukuza, nikamwomba msamaha kupitia dirisha, maana alikuwa amesimama nje. Kisha nikatoka, nikasali nikiwa kando yake. Nilifanya hivyo kila Jumapili mpaka wakachoka kuona aibu, wakamfungulia mlango.

Aliingia na maswali yaleyale. Mpaka leo tunabishana tukila bukari, ugali wetu.

"Shemeki, uko kichwa nguvu!" ananiambia.

"Na weye uko Tomaso!"

Marta anatucheka. Namwombea Kaseba mbele yake, naye ananingoja nimalize ndipo ale.

Ndugu zangu, mgonjwa mpeni maji. Mwenye mashaka mpeni kiti, msikilizeni mpaka mwisho, mjibuni bila kumtukana. Msiniambie kwamba mnamlinda Mungu.

Wewe unayesoma, uwe umeamini au bado unauliza, Bwana akupe afya, na nyumba ambamo hutafukuzwa.