Ua la Kijani kwenye Kipande cha Nane

Jamani, aibu hii niliipika kwa mikono yangu. Wanawake wa mtaani kwetu, hapa Ufukoni, tunafuma vipande vya mraba na kuviunga viwe mablanketi ya watoto njiti. Siku ya kwanza Bi Somoe, kiongozi wetu, aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Njombe.

"Kwenye baridi! Basi wewe kufuma umezaliwa nako."

Badala ya kukana, nikatabasamu kama fundi.

Uzi ulikuwa haba, hivyo akatugawia sweta kuukuu tukazifumue tupate uzi. Mimi nilipewa ya bluu, ya mumewe, mlinzi bandarini. Nyumbani nilihangaika na sindano siku tatu, nikapata kitu kama pweza. Basi nikachukua mkasi, nikaikata sweta yenyewe vipande vinane, nikavishona kingo visifumuke.

Nilipeleka saba. Wenzangu wakashangaa jinsi vilivyolingana.

"Mazoea tu," nikawaambia.

Bi Somoe akanifanya mwalimu wa kikundi, nami bila haya nikaanza kukosoa kazi za watu.

Juzi muuguzi alikuja kuchukua mablanketi, kumbe moja limepungukiwa kipande. Nikatoa kile cha nane, nilichokuwa nimekiacha kwa sababu katikati kina duara la uzi wa kijani.

"Hilo ni ua," nikamweleza muuguzi. "Mtindo wa kwetu Njombe."

Bi Somoe akavaa miwani, akalipapasa ua langu taratibu.

"Mwalimu," akasema, "mbona kiwiko cha mume wangu kiko hapa?"