Aliyebaki Kwenye Dawati Langu

Vumbi la mawe lina harufu yake, kavu na chungu kidogo, kama kibiriti kilichowashwa chumba cha pili. Sisi tuliokulia Bamburi, nyuma ya machimbo, tuliijua kabla hatujajua kusoma. Mpangilio wake haukubadilika: kwanza king'ora kililia, kisha baruti ikalipuka na vyombo vikatetemeka kabatini, na mwisho vumbi likaja taratibu, likatua juu ya mipapai na nguo zilizoanikwa. Siku moja ya likizo ya Aprili, nikiwa na miaka tisa, nilisikia king'ora nikiwa uani naosha sufuria. Nikangoja mlipuko. Haukuja, lililokuja ni vumbi. Nikamwuliza mama mbona leo wamelipua kimya kimya. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Akaniambia mlipuko ule ulikuwa mkubwa kuliko yote ya wiki ile, hata kuku wamekimbilia kwa jirani.

Tangu siku hiyo nikaanza kugundua kwamba muda wangu una matundu. Nilikuwa namimina chai kikombeni, na papo hapo chai ilikuwa imetapakaa mezani, inatiririka miguuni pangu, na birika bado limeinama mkononi. Shule zilipofunguliwa, niliangalia ubao ukiwa mtupu, na bila kuinamisha kichwa nikauona umejaa hesabu. Kilichonitisha zaidi kilikuwa daftari langu. Neno lilianza vizuri kwa mwandiko wangu, kisha katikati likageuka mstari wa penseli uliotambaa hadi ukingoni mwa karatasi kama njia ya mchwa. Sikuukumbuka mkono uliouchora. Mwalimu wa darasa aliniita mtoro wa aina yake, mwili darasani na roho matembezini, na wenzangu wakacheka. Neema, niliyeketi naye dawati moja, hakucheka. Alinivuta kando wakati wa mapumziko, akaninong'oneza: "Wewe huwa unaondoka, halafu anabaki mwingine. Anapepesa kope tu. Sisi hatusemi naye."

Nilimwamini. Mtoto wa miaka tisa hana sababu ya kutomwamini anayemwona kila siku. Nikaanza kumtafuta huyo mwingine kwenye kioo cha mama, nikiyakodolea macho yangu mwenyewe mpaka yakatoka machozi. Nilihesabu kalamu zangu ili nijue kama amezigusa. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi nilitembea ndani ya kiza hicho jua likiwa utosini.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na Hawe, kama tunavyowaita bibi zetu sisi Wagiriama. Baba alikuwa dereva wa malori ya bara, tukimwona mara moja kwa mwezi. Hawe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunijua, nadhani, maana kila nilipozinduka nilimkuta ananitazama mimi na si mahali nilipokuwa nikitazama. Jioni moja, akichambua mchicha, alitusimulia habari za mdogo wake, Kache. Kache naye alikuwa akisimama hivyo, macho wazi, hayupo. Wazee walisema koma, roho za wahenga, ndizo zinazomwita, na mtu anayeitwa hashikwi. Siku moja aliitwa akiwa ameinama juu ya meko. Hawe aliishia hapo, akaendelea na mchicha. Alitaka nipelekwe kijijini Agosti, nikafanyiwe tambiko. Akina mama wa kanisani walikuwa wamekwisha kuniombea mara mbili. Na shuleni, mwalimu mkuu alikuwa amemwandikia mama barua: ama nipimwe na mwanasaikolojia, ama nihamishiwe shule ya watoto wazito wa kuelewa. Mama aliikunja barua ile akaiweka ndani ya Biblia, na kwa wiki tatu hakuitoa.

Aliitoa siku tulipokuwa tunavuka barabara kuu. Mimi nakumbuka ukingo wa lami tu, na kisha nakumbuka honi, nimelala kifudifudi upande wa pili na mama amenilalia, magoti yake yanavuja damu. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, alisema, natazama lori linakuja. Hakunichapa. Jioni ile akaifungua Biblia.

Zahanati ya misheni tuliyokwenda ilikuwa Mikindani. Usiku wa kuamkia siku ya kupimwa mama alinifanyisha majedwali ya hesabu mpaka nikasinzia, akiamini nakwenda kufanya mtihani. Mpimaji alikuwa mama wa makamo, Bi Zuhura, mwenye Kiswahili cha polepole cha watu wa mji. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba, akaniambia kwamba mle ndani hakuna sindano, wala hakuna kupita au kuanguka. Tutafanya mambo mengi, mengine mepesi na mengine magumu makusudi, nikichoka niseme, tupumzike. Kwanza alizungumza na mama mbele yangu. Alimwuliza mimba yangu ilikuwaje, nilitembea lini, kama nimewahi kupata homa ya kutetemesha, na kama kuna yeyote katika ukoo aliyekuwa na hali kama yangu. Mama akamtaja Kache, na Bi Zuhura akaandika. Nilishangaa kuona jina lile likikaa karatasini kama majina ya watu wengine.

Mama akaombwa asubiri nje. Nilipanga vipande vya mbao kufuata picha, nikaeleza maana za maneno, nikatafuta kilichokosekana katika michoro: mlango usio na kitasa, uso usio na sikio. Uso ule sikupenda kuutazama. Kisha akanisomea tarakimu nizirudie kinyumenyume. "Nne, saba, mbili," alisema, na nilipofungua kinywa nijibu, kalamu yake ilikuwa imeandika mistari miwili mipya, na mkononi alishika saa ya kupimia sekunde ambayo sikumwona akiichukua. Nikajua ni yule mwingine aliyekuwapo.

"Umerudi, mwanangu?" akauliza.

"Abee," nikasema. Halafu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, nikamwuliza: "Yule mwingine amekwambia nini?"

Aliiweka kalamu chini. "Hakuna mwingine. Nimekutazama tangu mwanzo mpaka mwisho, sekunde kumi na mbili. Ni wewe uliyenyamaza, na ni wewe uliyerudi."

Nililia mpaka mama akaingia bila kuitwa.

Baada ya wiki mbili tuliitwa kusomewa ripoti. Akili yangu ilikuwa nzima, na katika kupanga picha nilizidi rika langu. Ila palikuwa na mapengo, na mapengo hayo yalihitaji daktari wa ubongo. Hospitali wakanibandika nyaya kichwani, mashine ikachora milima, na ugonjwa ukapata jina: kifafa kisichoangusha. Mama aliogopa neno lile kuliko alivyoogopa koma. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na vidonge nikaanza. Jioni aliyomweleza Hawe, bibi yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo Kache alikuwa mgonjwa tu? Na sisi tulisimama pale hatukumshika?" Alikaa na swali hilo miaka sita iliyobaki ya maisha yake, na kila nilipokaribia moto alinishika nguo.

Matundu yaliziba kabla sijamaliza sekondari. Leo nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na majirani wa Bamburi husemezana habari za kupimwa mtoto kama wanavyosema kupimwa macho. Mwaka jana nilimpeleka mama mwenyewe, alipoanza kusahausahau. Kijana aliyempima alikuwa mpole, alimwomba achore saa na ataje mwezi, nami niliambiwa nisimsaidie. Miaka ile mimi nilipata jina la ugonjwa, na pamoja na jina nikapata dawa. Mama amepata jina tu, dawa hakuna. Hilo ndilo ninalolipima kila asubuhi, na mizani haikai sawa. Juzi, tukichambua mchele, alianza kuniambia jambo, akakatika katikati, macho wazi. Jua lilikuwa limeshahama ukutani alipomalizia maneno yake palepale alipoyaachia, kana kwamba hapakupita kitu. Yalikuwa maneno ya kumwambia mtu mwingine, nisiyemjua. Nikayaitikia kwa niaba ya mtu huyo.