Ukuta Uliokuwa Bado Mbichi

Bi Khairiya alipoanza kuzungumza habari za chokaa katika idara ya majenzi, wenzake walidhani yatapita. Hayakupita. Alizaliwa Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya mawe, na alikuwa akiona majirani wakizikandika saruji kuta za zamani, unyevu ukafungika ndani, kuta zikaoza na kuanguka. Shamba nako mashimo ya mchanga wa kuchanganyia saruji yalikuwa yakimeza makonde ya wakulima. Na saruji yenyewe huchomwa kwa moto mkubwa, ikajaza moshi angani, kisha ikaletwa kwa meli. Lakini kanuni ziliitambua nyumba ya saruji peke yake. Aliyejenga kwa udongo na chokaa hakupata kibali.

Alizunguka kwenye milango ya wakubwa mpaka mwaka 1997 wakamkubalia nyumba moja ya mfano, Mwanakwerekwe. Ikisimama, kanuni zitabadilishwa.

Mwashi wake alikuwa Simai, mtu wa Makunduchi, aliyekuwa akichoma chokaa kwa vifuu vya nazi ili mti usikatwe. Kuta zilipanda vizuri. Ndipo Bwana Zahran, mkuu wa idara, alipoleta habari kuwa wakubwa watakuja kabla ya kikao cha bajeti, na wanataka kuiona nyumba imeshaezekwa.

Simai aliubonyeza ukuta kwa kidole gumba. "Bi Khairiya, huu bado mbichi. Ukiutwika boriti sasa, utaelemewa."

"Wakija baada ya kikao hawatotusikiliza tena, Bwana Simai."

"Chokaa haina haraka."

"Nnajua. Ezeka."

Simai hakubisha. Aliezeka.

Wakubwa walikuja, wakasifu, wakapigwa picha, wakaondoka. Vuli ya mwaka ule ilikuja kama masika, mvua kutwa kucha. Simai aliuona ukuta wa nyuma umefanya tumbo, akaingia ndani kuutia mihimili. Ukamwangukia. Majirani walifukua kwa mikono, na walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Alizikwa kwao Makunduchi.

Kamati ilipokaa, Bwana Zahran alisema udongo na chokaa vimejionyesha vyenyewe.

"Havikujionyesha," alisema Bi Khairiya. "Nyumba haikukauka. Fundi alinambia, na mimi ndiye niliyemwamuru aezeke. Mnihukumu mimi, msiihukumu chokaa."

Wakamtoa katika kazi ile, wakampeleka kwenye ghala la vifaa, na shauri la kanuni likafungwa. Alikuwa amedhani ukweli utaokoa kimoja kati ya viwili, kazi yake au chokaa.

Ilipomalizika eda, alikwenda Makunduchi kwa mjane, Mwanamkasi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, aliyoijenga Simai mwenyewe, na upande mmoja ulikuwa umebomoka kwa mvua zile zile.

"Nimekuja kukusaidia kuijenga," alisema Bi Khairiya. "Mafundi wapo, na chokaa ya marehemu ipo imerowekwa, sasa imeiva."

Mwanamkasi aliutazama upande uliobomoka. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu.

"Mie sitolala tena chini ya ukuta wa udongo, Bi Khairiya. Kama unataka kunisaidia, niletee matofali ya saruji."

Bi Khairiya alitaka kumweleza kuwa si udongo uliomuua Simai, kisha akauliza matofali mangapi.

Juma lililofuata gari ikashusha matofali. Mafundi hawakutosha, naye akajifunga kanga kiunoni akawa anayabeba moja moja mpaka viganja vikachubuka. Mwanamkasi alimpokea kila safari, akayapanga.