Siku Mama Agnes Alipoacha Kuimba

Tulikuwa wanne: mie, wadogo zangu Zuhura na Saidi, na jirani yetu Mama Agnes, aliyetutoa Temeke kwenda kusikiliza kwaya yake na wapiga fidla katika kanisa kuu la zamani mjini. Nimeikumbuka siku hiyo juzi, nilipoona fidla ikiuzwa kwenye mitumba.

Baba hatukuwa naye tena, na mama alikuwa hajatimiza siku arobaini tangu tumzike. Nilishasikia majirani wakinong'ona kwamba tupelekwe kwa masista wanaolea yatima. Kwa hiyo soda alizotununulia Mama Agnes zilinitia shaka. Mlangoni tulivua ndala, kama msikitini.

"Vaeni jamani, hapa hatuvui," alisema Mama Agnes.

"Niache nazo tu," nilisema, nikakumbatia jozi zote tatu, tayari kukimbia.

Ndani kulinukia mishumaa na mbao za zamani. Fidla zikalia, watu wakanyamaza kama msibani, na Mama Agnes akasimama mbele peke yake kuimba. Hapo sista mmoja akamshika Saidi shavu.

"Muache! Huyu ana mwenyewe!" nilipiga kelele.

Wimbo ukakatika. Mama Agnes akashuka, akatukumbatia mbele ya wote, akaturudisha nyumbani.

Sasa najua sista alikuwa anamfuta makamasi. Wimbo ule Mama Agnes aliufanyia mazoezi miezi mitatu. Yupo bado, mtaa wa pili, na radhi sijamwomba.