Kitabu cha Safari na Kitabu cha Nchi

Mjukuu wangu, anayeniita Akko, yaani bibi, aliletwa kwangu Isiolo kutoka Merti ili asome, na muhula mzima hakuleta rafiki hata mmoja nyumbani. Kwa hivyo aliposema Jumamosi wasichana watatu wa darasa lake watakuja kucheza, sikuuliza maswali mengi. Nilifagia sebule mara mbili.

Mchezo wenyewe ni wa maneno na dadu. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watu wao wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa ameazima vitabu viwili. Kimoja kina safari iliyoandikwa tayari, nani atatokea na atasema nini. Cha pili kinaeleza nchi tu: visima viko wapi, watu gani wanaelewana, soko ni siku gani. Hadithi utajitafutia. Alichagua cha kwanza na sikumlaumu. Mtoto ambaye sauti inamtetemeka anahitaji kitu cha kushika.

Nilikuwa jikoni nikisikiliza. Safari yao ikafika kisimani. Akasoma: mlinzi mwenye mkuki anawazuia. Hapo kitabu kilitaka vita.

"Tunamsalimia," akasema mmoja.

"Mnamsalimia?"

"Si kisima kina wenyewe? Salaam aleikum, mzee. Zamu yetu ya kunywesha ni lini?"

"Na ngamia wetu wangoje kando," mwingine akaongeza. "Sisi si wezi."

Mjukuu wangu akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Hapa imeandikwa mnapigana."

"Basi wewe soma tu kama redio, sisi tusikilize," akasema wa tatu.

Wakacheka. Mmoja akauliza saa ngapi, na mimi najua mgeni akiuliza saa anataka kwenda. Nikafika mlangoni nikiwa na maneno makali mdomoni. Nikayameza. Ningewafokea, nani angerudi kwetu?

Mjukuu wangu akafunga kile kitabu cha safari. Akavuta cha nchi, akakitazama kidogo, kisha akaanza kuongea bila kukiangalia. Mlinzi akaegemeza mkuki. Akaitikia salaam, akauliza mvua walikotoka, akauliza majani, akauliza wazee, hana haraka kabisa, vile watu wa kisimani walivyo.

"Zamu yenu ni keshokutwa," mlinzi akasema. "Lakini ngamia wangu mwenye ndama amepotea. Mkimpata, mtanywesha leo."

"Alipotelea wapi?" Wote watatu, kwa pamoja.

Walicheza mpaka adhana ya magharibi. Akitoka, yule aliyetaja redio akageuka. "Wewe! Jumamosi ijayo nitachelewa, niko na kazi nyumbani. Msimpate bila mimi."

"Tutakungoja," mjukuu wangu akasema.

Nikamwambia vikombe havitajiosha. Akaviosha akiongea tu. Mwishowe nikashindwa kujizuia, nikauliza huyo ngamia yuko wapi.

"Hata mimi sijui, Akko," akasema. "Hatujampata bado."