Mjukuu wa Fundi Majira Alivyochelewa Ndoa Yake

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini mke wangu Neema ameshaisimulia kwao Igamba nzima, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Babu yangu alikuwa fundi majira. Zamani wazee wetu waliita saa majira, zile za kujaza kwa ufunguo, na mtengenezaji wake akawa fundi majira, mpaka zilipojaa saa za betri watu wakasema fundi saa, na siku hizi hata huyo anauza makava ya simu (ndiyo mimi). Babu akafariki, jina wakanibandika mimi, nami nikatamba nalo. Siku ya mahari nikamwambia baba mkwe, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi, "Baba, ukoo wa fundi majira hatuchelewi."

Basi asubuhi ya ndoa, chumbani kwangu Tunduma, karibu kabisa na mpaka, saa ya babu mezani inasema saa tatu, simu inasema saa mbili. Nikaona mzee amechoka, nikairudisha mishale nyuma (msicheke), nikanyoa taratibu, nikanywa chai na chapati, na msimamizi wangu, ambaye simu yake iliisha chaji, akaniamini mimi mwenye ukoo. Ibada saa nne, haraka ya nini?

Kufika kanisani, hapo hapo Tunduma, watu wamejaa nje, Neema ndani ya gari analia, baba mkwe getini.

"Fundi majira," akasema polepole, "nimeshamwambia dereva ageuze gari."

Nikatoa simu kujitetea. Akaitazama, akatazama saa yake ya mkononi.

"Hii imeshika mtandao wa Zambia. Wenzetu wako saa nzima nyuma. Ndiyo maana tunakupigia hupatikani."

Nikajua mke ndiyo nimemkosa. Mara akatokea mchungaji, jirani yangu wa kule kule mpakani, joho mkononi, anatembea kwa raha zake (kumbe naye hakuwepo, ila hasira zote zilikuwa kwangu). Akaitazama simu yake, akanipa mkono.

"Bwana harusi, vizuri, umewahi."

Neema ndiye aliyeanza kucheka, mle mle ndani ya gari, machozi hayajakauka, kisha baba mkwe akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Jamani, nilipumua.

Jioni, kabla hata ya kuvua koti, niliisogeza mishale ya saa ya babu mbele nikamwomba radhi. Simu sasa ni ya kupigia tu. Na mkiniita fundi majira siitiki, huyo ni babu.