Simu ya Mama Imewekwa Pamoja na Salfa

Sauti ya mama imenipotea tangu mwezi uliopita, siku niliyompigia kumwambia nina mimba.

Tangu hapo simu yake haipatikani.
Nikajua amenuna. Duka hili la Masasi nimelijenga mwenyewe, kubembeleza mtu sijazoea. Lakini mama, jamani.

Leo dada yake, mama mkubwa, kashuka kutoka Mnyambe, kijijini anakoishi mama.

"Shikamoo."
"Marahaba. Simu ya mama yako iko banda la nje, pamoja na salfa ya kupulizia mikorosho."
"Kanikasirikia?"
"Kwa lipi? Kasikia simu ina mionzi. Anasema ni kama salfa tu, huioni ikiingia, na mjamzito haisogelei. Akikupigia, anampulizia mjukuu."

Nilicheka.
Halafu nikakaa nyuma ya kaunta, nikalia.

Kumbe naye ana hamu nami vilevile.

Kwa hesabu yangu, kilomita zaidi ya sitini, mionzi ya simu yake hainifikii. Simu iliyo sikioni mwangu ni yangu. Ila mimi si daktari.

Wauguzi mlio humu kwenye kundi: kuongea kwa simu kunamdhuru mtoto tumboni, ndiyo au hapana? Msizunguke. Mama mkubwa anaondoka na gari la saa tisa, na nataka aondoke na jibu.